Watoto Wetu na Vyuo Vikuu: Jawabu kwa Baba Aliyetuuliza

 

Imetufikia barua ya bwana mmoja wa hapa Mombasa, katika wale wanaohudhuria darsa yetu. Binti yake amefaulu mtihani wa kidato cha nne kwa daraja ya juu, na ameitwa chuo kikuu Nairobi akasomee udaktari. Mama yake ataka aende, mjomba wake ataka aolewe, na baba mtu usingizi haumjii. Atuuliza maneno mawili: Je, yajuzu kumzuia? Na akimwachilia, kisha likampata la kumpata, yeye ataulizwa Siku ya Kiyama? Ametuomba tumjibu humu sahifani wala si faraghani, kwani asema majirani zake watatu wana swali lilo hilo, nao waona haya kuuliza.

Kwanza twamwambia: hofu yako si upuuzi, na yeyote akuchekaye kwayo hajalea. Twayajua yaliyoko huko. Mabweni ya vyuo hayawatoshi wanafunzi, basi wengi wao hukodi vyumba nje, na katika vyumba hivyo wako vijana wa kiume na mabinti wa watu wanaokaa kinyumba pasina ndoa wala aibu. Ulevi upo. Somo la saa saba mchana siku ya Ijumaa lipo, na mwalimu halazimiki kungoja watu watoke kusali. Yuko pia mwalimu asimamaye mbele ya ukumbi mzima akasema kwamba dini ni ngano za wazee. Na hapana mjomba wala shangazi apitaye njiani akakuuliza watoka wapi saa hizi. Mtoto aliyelelewa Mji wa Kale, ambako kila dirisha lina macho, aamka siku moja mahali ambapo hapana alijuaye hata jina la baba yake. Hilo la mwisho sisi twaliona kubwa kuliko yote yaliyotangulia.

Wala hofu hii si ngeni kwetu. Wazee wetu waliionja katika zama za Mwingereza, wakati skuli nyingi za kusomea Kizungu zilipokuwa mikononi mwa misheni, na mtoto aliyeingia humo alisomeshwa Injili pamoja na hisabu. Wazee wakawazuia watoto wao, na kwa kuiogopea dini hawakukosea. Lakini baada ya kuzuia walifanya nini? Wengi wao hawakufanya kitu. Waliufunga mlango, wakakaa ndani. Ilipokuja Uhuru mwaka 1963, kazi za ofisini na za hospitali na za mahakamani zilikwenda kwa waliosoma, nasi wa Pwani twalalamika mpaka hii leo kwamba watu wa mbali ndio watutibuo na watuhukumuo. Tusiilaumu misheni peke yake.

Walikuwako walioona mbali. Marehemu Sheikh Al-Amin bin Ali Mazrui, aliyekuwa Kadhi Mkuu wa Kenya tangu mwaka 1937 mpaka alipofariki mwaka 1947, alitoa gazeti lake la Sahifa mwaka 1930 na Al-Islah mwaka 1932, akawahimiza Waislamu wa mji huu wazisome elimu za zama zao pasina kuitupa dini yao. Na mwaka 1951 kilianza kusomesha hapa Mombasa chuo cha ufundi cha Waislamu wa Afrika ya Mashariki, kilichosimamishwa kwa mali ya Sultani Khalifa bin Harub wa Unguja, na ya Aga Khan, na ya Mabohora, na ya serikali ya Kiingereza. Chuo hicho ndicho kilichogeuka kuwa Politekniki mwaka 1972, na tangu mwaka 2013 ni Chuo Kikuu cha Ufundi cha Mombasa, pale Tudor. Watu hupita mlangoni pake kila siku wasijue kwamba kiliasisiwa kwa ajili ya watoto wao.

Sheikh Al-Amin mwenyewe alitaka mwanawe Ali akasome Al-Azhar. Mauti yakatangulia, mtoto akiwa na miaka kumi na minne. Ali hakwenda Misri; alikwenda Manchester, na Columbia, na Oxford, akawa profesa Makerere na kisha Marekani. Alipofariki huko mwaka 2014 mwili wake uliletwa Mombasa, ukazikwa katika makaburi ya Wamazrui. Katika aliyoyaandika yako tunayokubaliana naye na yako tunayohitilafiana naye, wala mtu mmoja si hoja. Twamtaja kwa kuwa alikaa miaka kumi na minne katika nyumba ya elimu kabla hajafiwa na baba yake, na sisi twaamini kwamba akiba yake ilikuwa ni hiyo.

Sasa yatupasa tukiri jambo. Miaka kumi na miwili iliyopita baba mwingine alitujia na swali kama hili, juu ya mwanawe wa kiume aliyeitwa chuo kikuu akasomee uhandisi. Tulimjibu upesi, twatoka msikitini, viatu vi mkononi: mzuie, dini yake ni bora kuliko shahada. Kijana mwenyewe hatukumwuliza hata neno moja. Alitii. Alikaa dukani kwa baba yake mwaka mmoja, kisha akawa hashindi dukani, ashinda maskani na wenziwe wakitafuna muguka mpaka usiku. Na yale tuliyomwogopea Nairobi yakamjia mfukoni mwake kwa njia ya simu. Sala aliiacha naye yumo katika nyumba ya baba yake. Siku moja alituambia, kwa adabu wala si kwa hasira: "Sheikh, mlinikinga na nini?" Hatukuwa na jawabu. Yeye tumemwomba radhi, na Mwenyezi Mungu twamwomba msamaha.

Tangu siku hiyo tumeisoma Sura ya Yusuf kwa jicho jingine. Nabii Yaakub alisitasita kumtoa mwanawe aende na ndugu zake, akisema aogopa asije akaliwa na mbwa mwitu. Mbwa mwitu hakuja. Shari ilitoka kwa nduguze, waliokuwa wakilala naye nyumba moja. Kisha Yusuf akauzwa Misri, akaingia nyumba ya mkubwa wa nchi, hana baba, hana kabila, hapana amjuaye. Hata alipopata ujana, mwanamke wa nyumba ile akafunga milango, akamwita. Waungwana, ni chumba gani cha Nairobi kilicho na hatari kuliko chumba kile? Yaakub hakuwapo, wala hakuwa na habari kwamba mwanawe yu hai. Aliyemwepusha ni Mwenyezi Mungu, hapana mwingine. Lakini tazama kijana alivyomtaja Mola wake pale pale, na baadaye gerezani alivyowataja baba zake, Ibrahim na Is-haka na Yaakub, kwamba yeye yuafuata mila yao. Kumbe baba alikuwamo mle chumbani na mle gerezani, kwa kile alichomfundisha mwanawe kabla ya kisima.

Na mama yake Musa alifanya jambo gumu kuliko kumpeleka mtoto Nairobi. Alimweka mtoni mtoto mchanga, naye akaingia nyumbani kwa Firauni. Lakini hakurudi akalala. Alimwambia dada yake mtoto amfuate, na yule msichana akawa amwangalia kwa mbali, wenyewe hawana habari, hata akapata njia ya kumrudisha kwenye maziwa ya mama yake. Wengi wetu twalifanya lile la kwanza, tukalisahau la pili: twamtia mtoto mtoni, kisha twarudi zetu nyumbani.

Angalieni tunavyowaaga. Mtoto akiondoka husomewa khitma, hunyweshwa kombe, hufungwa hirizi, hupewa kikapu cha mahamri na achari. Mahamri hatuyakatazi. Ama hirizi, haina dalili katika dini, wala haitamjibu yule mwalimu ukumbini. Na mtoto huyu huyu alipokuwa na miaka kumi na mitano aliuliza kwa nini Mungu, naye ni Mwingi wa rehema, awaacha watoto wachanga wakaugua, akaambiwa: "Nyamaza, utakufuru." Akanyamaza. Swali halikufa, lilikaa likimngoja. Mtu wa kwanza aliyekubali kumsikiliza alimkuta chuo kikuu, na mtu huyo ama hakuwa Mwislamu, ama alikuwa Mwislamu mwenye kikundi chake na chuki zake. Nani aliyempeleka kwake?

Na lawama hii si ya wazazi tu, sisi walimu tumo. Zamani neno chuo kwetu halikuwa na maana ila mahali pa kusomea Kurani. Mtoto hutoka chuo hicho akiwa na miaka kumi na miwili, amehitimu, tumemfanyia karamu. Huingia chuo kikuu akiwa na kumi na minane. Miaka sita baina ya viwili hivyo, ambayo ndani yake anabaleghe, anapata akili ya kuhoji, na anaanza kuulizwa na Mola wake, hapana amsomeshaye dini isipokuwa khutba ya Ijumaa, na mara nyingi khutba hiyo twaisoma kwa Kiarabu asichokijua. Tukisha twastaajabu.

Wako wenzetu ambao wakijibu swali hili hutaja ile hadithi ya kutafuta elimu hata Uchina. Sisi hatuitumii, kwa kuwa wanavyuoni wa hadithi wameitia kasoro, na haki haihitaji kutetewa kwa riwaya dhaifu. Iko habari ya mateka wa Badri, ambao waliojua kuandika walikombolewa kwa kuwafundisha watoto wa Kiislamu, nao walimu hao walikuwa washirikina. Lakini mwenye kupinga atasema: hayo yalikuwa Madina, mbele ya macho ya Mtume (s.a.w.), wala watoto hawakupelekwa Makka. Asema kweli. Basi na atazame Uhabeshi, ambako Waislamu walihajiri mwaka 615 wakakaa miaka mingi chini ya mfalme wa Kikristo, na Asmaa binti Umays akamzaa huko mwanawe Abdallah bin Jaafar. Hawakukaa mmoja mmoja, kila mtu na chumba chake. Walikaa jamaa moja.

Tena, bwana mwenye kuuliza, wewe na sisi sote tumepata kusimama mlangoni pa wodi, mke yu ndani katika uchungu, twauliza kama hapana daktari wa kike. Atoke wapi? Imam Ghazali katika Ihya ameihesabu elimu ya tiba kuwa ni faradhi ya kutosheleza, ambayo wasipoitimiza baadhi ya watu mji mzima huingia dhambini. Na aliwalaumu watu wa zama zake kwa kusongamana katika fikihi hali miji mingine haikuwa na tabibu ila asiyekuwa Mwislamu. Aliyasema hayo zaidi ya miaka mia tisa iliyopita.

Liko neno la safari ya mwanamke pasina maharimu. Hadithi zake ni sahihi, wala hatutaki kulifanya jepesi ili jawabu letu lipendeze. Katika madhehebu yetu ya Shafii wamejuzisha kwa hija ya faradhi asafiri na wanawake waaminifu. Wako wanavyuoni waliopanua wakaangalia usalama wa njia, na wako waliokataa. Njia ya kutoka katika hitilafu hiyo ni nyepesi: baba apande naye gari. Tangu mwaka 2017 gari la moshi jipya lafika Nairobi kwa muda wa asubuhi moja. Mtu aendaye Lamu kwa ajili ya harusi ya rafiki yake hatashindwa kumfikisha bintiye.

Basi jawabu letu kwako ni hili. Usimzuie kwa hofu peke yake. Lau ungelituambia kwamba binti huyu hasali, na ya dini hayamshughulishi, tungelikwambia mweke mwaka mmoja, ukae naye wewe mwenyewe, si umkabidhi mtu. Lakini umetuandikia kwamba yeye ndiye akuamshaye kwa alfajiri. Nenda naye. Ukione chumba atakacholala na uwajue watakaolala naye. Umtafute kiongozi wa jumuiya ya wanafunzi wa Kiislamu umkabidhi kwao, na kama mna jamaa Nairobi, Jumamosi na Jumapili zake ziwe kwao. Ukimpigia simu usimwulize mtihani tu. Shauri la mjomba wake halitupi taabu: posa ya heri ikija, naye akiridhika, ndoa haimzuii mtu kusoma. Na ulilouliza juu ya Kiyama: utaulizwa kwa ulivyomlea na kwa ulivyomfuatia; ama dhambi aitendayo mtu mzima kwa hiari yake, hapana abebeshwaye mzigo wa mwenziwe.

Umetaja kwamba binti yako ataisoma sahifa hii. Basi nawe, binti yetu, baba yako hakuandika kwa ubahili wala kwa kukudhania vibaya. Aliandika saa nane za usiku, kama alivyotaja juu ya barua yake. Maswali yatakayokukuta huko tuandikie, hata yale uyaonayo kuwa hayaulizwi. Tunalolijua tutakujibu, na tusilolijua tutakwambia kuwa hatulijui, kisha tutalitafuta. Wenzio watakaokwenda vyuoni mwaka huu tumewawekea darsa kila usiku wa Jumanne baada ya sala ya Isha, wanaume chini na wanawake ghorofani, na mlango wa ghorofani u wazi tangu Magharibi.