Je, Kijana Aweza Kumpinga Mzee Pasipo Kumdharau?

Kriketi ni mchezo mgeni hapa Nyegina. Vijana wetu ni watu wa kandanda. Lakini kipo kikundi kimoja cha kriketi cha kijijini, huko Laikipia nchini Kenya, ambacho habari zake zimetufanya tuitafakari upya amri ya tano.

Yapata mwaka 2007 Aliya Bauer, mama wa Afrika Kusini aliyefika huko kwa kazi ya utafiti wa nyani, alianza kuwafundisha watoto wa shule mchezo huo. Baadaye morani nao wakajiunga. Wakaingia uwanjani na shuka nyekundu na shanga zao, wakafananisha kurusha mpira na kurusha mkuki. (Mfano huo haukai sawasawa, maana katika kriketi mrushaji haruhusiwi kukunjua kiwiko anaporusha, lakini tuwaachie wenyewe.) Mwaka 2012 walikwenda kushindana Afrika Kusini, na mwaka 2013 wakafika London.

Kama habari zingeishia hapo, tusingeshika kalamu. Vijana wale walikitumia kikundi chao kupinga ukeketaji na ndoa za utotoni. Walipowafundisha watoto mchezo, waliwafundisha na hayo. Tena wakayasema mbele ya wazee wao. Basi je, kijana akiikataa mila ya babaye, amevunja heshima?

Wengi watajibu ndiyo, wala jibu lao si la kuchekwa. Sisi tuliokaa miaka mingi na wanafunzi wa ualimu tunajua jinsi kijana anavyoweza kuita ujeuri wake elimu. Lakini tusome Marko 7. Pale Bwana Yesu aliwakemea watu waliotumia mapokeo ya wazee, ile korbani, kukwepa kuwasaidia baba na mama. Yaani aliitetea amri ya tano dhidi ya mapokeo ya wazee! Basi kumheshimu mzazi ni jambo moja, na kushika kila alichokipokea ni jambo lingine.

Tena ukeketaji hutetewa kwa neno hili, kwamba binti asiyekeketwa hapati mume. Awezaye kulikata neno hilo ni muoaji mwenyewe. Mtu atauliza: je, binti angoje tena ruhusa ya wanaume? La. Mwili wake aliupewa na Mungu, si na mchumba. Lakini ikiwa mwenzangu anaumizwa kwa jina langu, nikinyamaza nimekubali.

Nasi tuko mkoa wa Mara. Sheria ya mwaka 1998 ilikataza kukeketa msichana aliye chini ya miaka 18, lakini huko Tarime na Serengeti wasichana wameendelea kukimbia makwao ifikapo Desemba, wakati wa likizo. Mwaka 2014 Dayosisi yetu ilifungua nyumba ya kuwapokea pale Mugumu. Msichana anayetoka usiku, pengine bila viatu, hamkimbii adui. Anamkimbia baba anayempenda, na baba huyo naye anaamini anamtafutia heri. Ndiyo maana jambo hili ni gumu kuliko linavyosemwa mikutanoni.

Habari za wasichana hao tumezisikia mara nyingi. Za kaka zao, waliobaki nyumbani usiku huo huo, hatujazisikia.