Asiyekuwapo na Lake Halipo?

Wahenga walisema asiyekuwapo na lake halipo. Methali hii husikika sana panapogawanywa kitu, na mara nyingi anayeitamka ni yule aliyekwisha kupata fungu lake. Nataka kuipima kwa swali moja: chama cha wafanyakazi wa manispaa kikijadiliana na halmashauri hadi mishahara ikapanda, je, mfanyakazi ambaye si mwanachama anastahili nyongeza hiyo?

Tuanze na wanaosema hastahili. Hoja yao si ya wivu. Majadiliano ya mshahara yana gharama: wanachama hukatwa ada kila mwezi, viongozi hukesha vikaoni, na mgomo ukitokea kuna siku zisizo na malipo. Anayekaa pembeni akingoja wenzake washinde ni kama abiria anayeshuka kwenye matatu bila kulipa nauli. Gari limemfikisha, lakini mafuta yamenunuliwa na wengine. Mwanauchumi Mancur Olson, katika kitabu chake cha mwaka 1965, alionyesha hatari iliyopo hapa: kila mmoja akiwaza hivyo, jambo lenye faida kwa wote halitafanyika. Chama kitakufa, na nyongeza itakufa nacho.

Jirani zetu wa Kenya wamelitafutia jambo hili dawa. Sheria yao ya Mahusiano ya Kazi ya mwaka 2007 inakiruhusu chama kilichofunga mkataba wa pamoja kumwomba waziri aagize kwamba wasio wanachama, lakini wanaonufaika na mkataba huo, wakatwe ada ya uwakala. Mtu halazimishwi kujiunga. Analipia kazi aliyofanyiwa. Marekani wameshika njia nyingine. Tarehe 27 Juni 2018 Mahakama ya Juu, kwa majaji watano dhidi ya wanne, ilikataza watumishi wa umma wasio wanachama kukatwa ada ya namna hiyo bila ridhaa yao. Majaji hao waliona kwamba kumlazimisha mtu akilipe chama ni kumlazimisha aunge mkono maneno asiyoyaamini.

Naiheshimu hoja ya dhamiri. Chama kikitumia fedha kupigia debe wanasiasa, asiye mwanachama asitozwe hata senti kwa shughuli hiyo. Lakini kwa kazi ya kujadili mshahara, naona Kenya iko karibu zaidi na haki. Dhamiri inaweza kunizuia kuvaa fulana ya chama. Hainipi ruhusa ya kula mavuno ya shamba ambalo sikushika jembe.

Hadi hapa methali yetu bado imesimama. Inaanza kuyumba tunapouliza kwa nini mtu hakuwapo. Wako waliokataa kuingia, na wako waliofungiwa mlango. Hao si watu wa aina moja, ingawa kwenye orodha ya mishahara wote huitwa wasio wanachama.

Shangazi yangu hufagia barabara za mji mmoja hapa Uganda. Anaanza kazi kabla ya alfajiri, magari yakiwa machache. Huu ni mwaka wake wa saba, na bado anaitwa kibarua. Mkataba wake ni wa miezi michache. Ukiisha, huandikwa mwingine, au hauandikwi. Wafanyakazi wa kudumu walipoongezewa mshahara, yeye hakuongezewa chochote. Nilimwuliza kwa nini hajiungi na chama. Akacheka. "Mwanangu, chama ni cha wenye barua ya ajira. Mimi nina ufagio."

Katiba yetu ya mwaka 1995, ibara ya 40, inampa kila mfanyakazi haki ya kuunda chama au kujiunga nacho. Haisemi kila mfanyakazi isipokuwa kibarua. Lakini mtu ambaye mkataba wake unakwisha mwezi ujao ataidaije haki hiyo mbele ya msimamizi anayeamua kama utaandikwa mwingine? Kumwambia huyu kwamba lake halipo kwa sababu hakuwapo ni kumfungia mtu nje, kisha kumlaumu kwa kuchelewa.

Historia ina mfano wake. Tarehe 1 Februari 1968, katika jiji la Memphis, Marekani, wazoa taka wawili, Echol Cole na Robert Walker, walisagwa na mtambo wa lori la taka walimokuwa wamejikinga mvua. Siku chache baadaye wenzao wapatao 1,300 waligoma. Meya Henry Loeb alikataa kukitambua chama chao. Mgomo ulimalizika tarehe 16 Aprili, siku 12 baada ya Martin Luther King, aliyekuwa amekwenda kuwaunga mkono, kuuawa katika jiji hilohilo. Walipata nyongeza, na chama chao kilitambuliwa. Lakini mabango yao maarufu hayakutaja fedha. Yalisema: Mimi ni mtu. Walijua kwamba nyongeza bila kutambuliwa ni fadhila, na aliyekupa fadhila leo anaweza kuinyima kesho.

Kwa sababu hiyo siridhiki na halmashauri inayowaongezea wasio na chama kwa huruma tu. Huruma haina mkataba. Mbaya zaidi, inaweza kugeuka hongo: wasio wanachama wakipewa zaidi ya wanachama, wote watajifunza kwamba kunyamaza kunalipa.

Najua mtu atauliza fedha zitoke wapi, kwani halmashauri hulipa kwa kodi na ushuru, na muuza nyanya sokoni naye ni maskini. Swali hilo ni la haki. Lakini kama mfuko ni mdogo, ni mdogo kwa wote. Bei ya posho na maharage haiangalii nani ana kadi ya chama. Kazi ileile, katika mji uleule, ipimwe kwa kipimo kimoja.

Jibu langu basi lina sehemu mbili. Aliyeweza kuingia akakataa apewe nyongeza, lakini achangie gharama ya kuipata. Aliyefungiwa nje apewe nyongeza na afunguliwe mlango, na jukumu hilo si la halmashauri peke yake. Ni la chama pia. Chama kinachojadili mishahara ya maofisini na kumwacha mfagiaji barabarani kisilalamike kwamba hakuchangia. Kabla ya kusema asiyekuwapo na lake halipo, tuulize kwanza kama aliitwa.