Nafuu ya Nani?

Nafuu ya wengi ikilipiwa na wachache, hao wachache wanadai chochote, au ndiyo bahati yao?

Tazama kontena. Tarehe 26 Aprili 1956 Malcom McLean, mwenye malori wa Marekani, alipakia makontena 58 juu ya meli Ideal X pale Newark, yakaenda Houston. Siku hizo kupakia tani moja kwa mikono kuligharimu karibu dola 6. Wataalamu wake walikadiria kwamba kwa makontena haifiki hata senti 16. Sanduku likawa linatoka melini, linapanda treni, linapanda lori, na kilichomo hakiguswi. Redio, viatu, hata mitumba tunayovaa vinatufikia kwa njia hiyo.

Utaniambia: kuli alikuwa akivunjika mgongo, sasa tulilie gunia? La hasha! Gunia halina utukufu. Lakini mgongo ule ulikuwa na sauti. Januari 1947 wafanyakazi zaidi ya 10,000 waligoma Mombasa, makuli wa bandari na watu wa reli wakiwa mbele, kazi zikalala. Je, kreni itagoma? Asiyehitajika tena, nani atamsikiliza? Hapo ndipo penye kidonda.

Wapo waliolijua hilo mapema. Mwaka 1960 makuli wa pwani ya magharibi ya Marekani, wakiongozwa na Harry Bridges, walikubali mashine ziingie kwa sharti: waajiri watenge fedha za kulinda ujira wao na za kuwastaafisha. Mashine hawakuizuia, ila waliipangia bei.

Na kwetu? Agosti 2019 amri ilitoka kwamba makontena ya kwenda Nairobi na bara yapande reli mpya ya SGR. Madereva, matingo, mafundi wa gereji na mama wa chai wa barabarani wakaona riziki inapita juu ya reli. Mombasa ikaandamana. Septemba 2022 serikali mpya ikaigeuza amri. Sawa, lakini lori lililouzwa kwa deni halirudishwi na tangazo.

Reli haina dhambi, wala sanduku halina. Dhambi ni ya hesabu inayoandika faida na kumsahau aliyeilipia. Basi kabla mashine nyingine haijashushwa gatini, mezani akae pia yule atakayebebeshwa gharama, si mwenye mzigo peke yake. Asipoitwa, vijana wenzangu wa kalamu, tuulize kwa sauti: yuko wapi?