Tusiidharau Siku ya Mambo Madogo

Somo: Zekaria 4:6–10



Waliorudi kutoka uhamishoni Babeli walipoanza kulijenga upya hekalu, wapo walioubeza mwanzo ule kwa udogo wake. Mungu akawaonya kwa kinywa cha nabii Zekaria wasiidharau siku ya mambo madogo. Wiki hii tulitafakari onyo hilo tukiitazama kazi ya Ernest McCulloch, daktari wa magonjwa ya damu wa Toronto, Kanada.

Damu yetu hutengenezwa kwenye uloto, ule ute ulio ndani ya mifupa, na mionzi mikali huuangamiza. Baada ya mabomu ya atomiki ya 1945, saratani ya damu iliongezeka miongoni mwa manusura wa Hiroshima na Nagasaki. McCulloch na mwenzake James Till, mwanafizikia, walitaka kujua chembe za uloto hustahimili mionzi kwa kiasi gani. Waliwapiga panya mionzi ya kuua uloto wao, kisha wakawadunga uloto wa panya wazima.

Jumapili moja ya mwaka 1960, McCulloch alikwenda maabara kuwachunguza panya waliotimiza siku 10 tangu wadungwe. Alipowapasua, akaona vinundu juu ya bandama. Utafiti wao haukuhusu vinundu, na angeweza kuvipita. Badala yake alivihesabu, panya mmoja baada ya mwingine, akachora grafu. Kadiri panya alivyodungwa chembe nyingi ndivyo vinundu vilivyozidi: takriban kinundu kimoja kwa kila chembe 10,000.

Yeye na Till walichapisha matokeo hayo mwaka 1961. Mwaka 1963, wakiwa na mwanafunzi wao Andrew Becker, walitoa ushahidi mzito zaidi. Mionzi huacha alama kwenye kromosomu za chembe, nao walipozipiga mionzi chembe zilizodungwa, waliona kwamba chembe za kinundu kimoja zilibeba alama ile ile. Basi zote zilikuwa uzao wa chembe moja. Mionzi iliyoharibu ndiyo iliyotoa ushahidi wa uhai! Hivyo zikathibitika seli shina za damu: ni chache mno, lakini hujizalisha zenyewe na pia huzaa chembe nyekundu, nyeupe na zile za kugandisha damu.

Huko Marekani, Dkt. E. Donnall Thomas alikuwa ameshaanza kuwapa wagonjwa uloto wa watu wengine. Mwaka 1957 alitoa taarifa ya wagonjwa 6 wa kwanza. Hakuna aliyeishi muda mrefu. Wengi waliiacha njia hiyo, yeye akaendelea, na mwaka 1990 akapewa Tuzo ya Nobel. Ugunduzi wa Toronto ulieleza kwa nini chembe chache zilizopandikizwa zinaweza kurudisha damu ya mwili mzima. Leo hapa kwetu, katika Hospitali ya Benjamin Mkapa jijini Dodoma, watoto wenye selimundu wanapandikizwa uloto.

Ndugu zangu, Mungu hufundisha nini hapa? Kwamba uaminifu huanza pale tunapokijali kitu ambacho hakuna aliyetuagiza tukijali. Muuguzi wa zamu ya usiku anayesimama kitandani kwa sababu pumzi ya mgonjwa imebadilika. Mwalimu anayemwona mwanafunzi aliyeanza kukaa peke yake. Mzee wa kanisa anayeuliza mbona mama fulani haonekani ibadani. Hayo hayamo katika ripoti ya mwezi, lakini mara nyingi ndiyo yanayookoa maisha.

Tena, malipo ya uaminifu huu huchelewa. McCulloch na Till walitunukiwa Tuzo ya Lasker mwaka 2005, miaka 44 baada ya chapisho lao. Wako watakaohudumu kwa moyo huo huo wasisifiwe kamwe duniani. Kwao Mungu ndiye shahidi, naye hasahau.

Wiki hii, kila mmoja achague jambo moja dogo analopita kila siku kazini au nyumbani, alisimamie mpaka alielewe, kisha achukue hatua.

Tuombe: Ee Mungu, uliyeweka uhai katika damu, wabariki watafiti, madaktari na wauguzi. Wafariji wote wanaosubiri mtu wa kuwachangia uloto. Tupe macho ya kuona na subira ya kuhesabu, kwa ajili ya jina lako. Amina.