Kuokoa Nafsi Baharini: Je, Safari Isiyo na Mwisho Ni Halali Yetu?



Ndugu zangu katika Uislamu, kuna ndoto imeingia katika mabweni yetu. Mtu anauza kila alichonacho, ananunua mashua ya matanga na kuhamia humo. Anakwenda na upepo kisiwa hadi kisiwa katika bahari za joto, anatia nanga anapopenda na anaondoka bila kumuaga mtu. Vijana wanatazama video hizo usiku kwenye simu, na utamsikia mmoja akisema, "Haya ndiyo maisha." Hapa Uganda hatuna bahari, lakini ndoto hii haihitaji bahari. Wengine wanaiita Dubai, wengine Kanada. Maana yake ni moja: mahali ambapo simu ya nyumbani haitanifikia.

Swali langu ni hili: je, mtu anaweza kuiokoa nafsi yake kwa kuwaacha wanaomtegemea?

Tuchukue mfano wa Bernard Moitessier, baharia Mfaransa. Mwezi Agosti 1968 aliondoka Plymouth, Uingereza, katika mashindano ya kuizunguka dunia kwa matanga, mtu peke yake na bila kutia nanga popote. Mapema mwaka 1969 alikuwa ameshaipita Rasi ya Horn, na kilichobaki kilikuwa kupanda kaskazini kurudi Ulaya, ambako zawadi, sifa na mke wake vilikuwa vikimngoja. Hakwenda. Aligeuza usukani, akapita tena kusini mwa Afrika, akavuka Bahari ya Hindi na kufika Tahiti mwezi Juni, baada ya miezi kama kumi majini. Alipopita karibu na Cape Town aliirushia meli moja ujumbe kwa manati. Alieleza kwamba ana furaha baharini, na kwamba huenda anafanya hivyo ili kuiokoa roho yake.

Tusiharakishe kumlaumu. Mtu anayekataa fedha na sifa kwa ajili ya roho yake ametupita wengi wetu. Tena dini yetu inakujua kujitenga. Mtume wetu Muhammad (s.a.w.) alikuwa akijitenga katika pango la Hira kabla ya utume. Imam Ghazali aliuacha ualimu wake Baghdad mwaka 1095, akaishi miaka mingi katika safari na faragha. Lakini tuangalie vizuri walivyojitenga. Mtume alikuwa akirudi kwa Bibi Khadija kuchukua masurufu, na wahyi ulipomjia aliteremka mlimani kwenda kwa watu. Ghazali alitenga kwanza mali ya kuwatosha watoto wake. Baadaye watoto hao walikuwa sababu mojawapo ya kumrudisha nyumbani, na mwishowe alirudi kufundisha. Faragha yao ilikuwa na mlango wa kurudia.

Kisa kilicho karibu zaidi na cha Moitessier ni cha Nabii Yunus (a.s.). Yeye pia aliwaacha watu wake akapanda jahazi. Surat As-Saffat inatueleza kwamba kura ilimwangukia, akamezwa na samaki, na alipookolewa alitumwa kwa watu laki moja au zaidi. Huo ndio mwisho wa kisa: hakuachwa ufukweni apumzike chini ya mmea uliooteshwa kumfunika. Aliokolewa ili awaendee watu.

Mwenzangu atauliza: je, Mtume hakusema tuishi duniani kama wageni au wapita njia? Kweli, na aliyetupokelea ni Abdullah ibn Umar. Lakini ni kwa Ibn Umar huyo huyo tumepata pia hadithi kwamba muumini anayechanganyika na watu na kuvumilia maudhi yao ana ujira mkubwa kuliko asiyechanganyika nao. Hadithi mbili hizi hazigombani. Ya kwanza inatufundisha tusiifunge mioyo yetu na mali. Haikutupa ruhusa ya kuvunja udugu.

Hapa wanafiqhi wana jambo la kutufaa. Waliulizana kuhusu baharia anayeishi chomboni na ahali zake, asiye na nyumba nchi kavu: je, afupishe swala kama msafiri? Wengi walimruhusu, ingawa Washafi wanaona bora aikamilishe. Imam Ahmad alisema hafupishi, wala hafungui Ramadhani. Chombo kinatembea, lakini yeye yuko nyumbani. Nadhani Imam aliona kitu kikubwa: nyumba haifanywi na ardhi, inafanywa na watu tulio nao. Na msafiri anapewa rukhsa kwa sababu safari ina mwisho. Anayetaka kuishi maisha yake yote ndani ya rukhsa anaomba kitu ambacho Imam Ahmad hakumpa hata baharia huyo.

Moitessier mwenyewe hakuweza kubaki peke yake. Huko Polynesia alipata mwenza mwingine na mtoto. Katika miaka ya 1970 walikaa kwenye kisiwa kidogo cha matumbawe kiitwacho Ahe, akapanda minazi na mboga katika mchanga ule. Mpanda mnazi hapandi kwa ajili ya wiki hii.

Nayaandika haya nikiwa mtoto wa kwanza wa nyumba yetu. Ada yangu ni jasho la mama sokoni na mchango wa wajomba, na nyuma yangu kuna wadogo wanne. Kuna siku mzigo huo unanielemea, na mashua ya peke yangu inaonekana tamu sana. Sisemi tusisafiri. Kijana akipata kazi Doha, aende. Akihitaji siku za faragha na Mola wake, azichukue, na itikafu ipo kwa ajili hiyo. Lakini kabla ya kung'oa nanga ajiulize mambo mawili: nimewaachia nini wanaonitegemea, na nitarudi kwao lini? Asiye na jibu asiseme anaiokoa nafsi yake. Haki za watu alizozikimbia zitamngoja Siku ya Kiyama, na huko hakuna bahari ya kukimbilia.

Wallahu a'lam.