AGABO ALITABIRI, ANTIOKIA IKATOA



Neno letu linatoka katika Matendo ya Mitume 11:27-30. Manabii walishuka toka Yerusalemu mpaka Antiokia. Mmoja wao, jina lake Agabo, akaonyesha kwa Roho kwamba njaa kubwa inakuja. Tuangalie vizuri wanafunzi walifanya nini. Hawakuishia kusema Amina. Waliamua kutoa, kila mtu kwa kadiri ya uwezo wake, wakatuma msaada kwa ndugu wa Uyahudi kwa mkono wa Barnaba na Sauli.

Sisi watu wa kanisa la kinabii tunapenda kusikiliza manabii. Basi tujifunze kwa Antiokia: unabii uliingia kwa masikio, ukatokea kwa mikono.

Kwetu mashariki mwa Kongo hatumngojei Agabo mwingine atuambie kwamba kolera itarudi. Tangu miaka ya 1970 ugonjwa huu unarudi-rudi kandokando ya maziwa yetu, Goma, Uvira, Kalemie. Mvua ikinyesha, uchafu wa vyoo unashuka katika maji. Bomba likikauka, mama anabeba bidoni yake na kwenda ziwani. Onyo tumekwisha kulipata.

Tena tunajua bei ya kuchelewa. Mwezi wa Julai 1994 mamia ya maelfu ya wakimbizi waliingia Goma kutoka Rwanda. Udongo ni mawe ya volkano, vyoo havichimbiki kwa urahisi, na maji safi hayakutosha. Katika mwezi wa kwanza karibu watu 50,000 walikufa, wengi kwa kolera na kuhara damu. Msaada ulikuja toka pande zote za dunia, lakini kwa wengi ulifika wakati makaburi yamekwisha kuchimbwa.

Wapendwa, kolera haingoji mkutano wa wafadhili. Inaweza kumuua mtu mzima mwenye nguvu kwa saa chache. Mtu wa kilo 60 aliyeishiwa maji kabisa anahitaji litri 6 hivi za serumu katika saa 3 tu. Akiipata kwa wakati, karibu kila mara anapona. Akiikosa, aweza kufa kabla ya jua kuzama. Kwa hiyo pesa inayotolewa mapema inanunua serumu na klori. Ile inayotolewa kwa kuchelewa inanunua mbao za sanduku.

Kwa miaka mingi tulizoea kusema: wazungu watatoa. Mwaka 2025 Marekani, iliyokuwa mfadhili mkubwa kuliko wote wa msaada wa kibinadamu katika Kongo, ilikata misaada mingi, na shirika lake USAID likakoma kazi tarehe 1 Julai. Chanjo nayo ilipungua duniani, hata tangu Oktoba 2022 watu walipewa dozi moja mahali pa mbili. Hatusemi hayo ili kulaumu. Tunasema kwamba mkono wa mbali ukifungwa, mkono wa karibu usifungwe pia. Makuta yetu hayawezi kujenga bomba la mji mzima. Hiyo ni kazi ya serikali na mashirika, na tuidai kwa sauti. Lakini yanaweza kununua klori ya kutia katika bidoni pale ukingoni mwa ziwa, sabuni, sukari na chumvi, na kulipa motari wa kumpeleka mgonjwa usiku.

Wengine watauliza: je, kununua dawa si kupunguza imani? Someni 2 Wafalme 2:19-22. Elisha alipoponya maji ya Yeriko aliomba chombo kipya na chumvi. Nabii hakudharau chumvi. Nguvu ilikuwa ya Mungu. Nasi tuchukue litri 1 ya maji safi, vijiko vidogo 6 vya sukari na nusu kijiko kidogo cha chumvi, tumpe mgonjwa anywe kidogo kidogo, huku tukimpeleka haraka kwenye kituo cha kutunza kolera. Tumwombee njiani. Mtu asimzuie mgonjwa ndani ya nyumba ya maombi.

Tunasihi basi mambo matatu.

Kwanza, kila parokia iweke sanduku la kolera, na litolewe mvua zisipoanza bado.

Pili, pesa ihesabiwe mbele ya watu, ipelekwe na watu wawili, na hesabu isomwe Jumapili inayofuata. Paulo mwenyewe, katika 2 Wakorinto 8:20-21, alijihadhari asilaumiwe juu ya matoleo aliyokabidhiwa. Mashemasi tusione hasira tukiulizwa.

Tatu, tusichague. Antiokia haikutuma kwa watu wa Antiokia. Mkimbizi, jirani wa dini nyingine, mtu wa kabila lingine, sote tunachota ziwa moja. Choo chake kikifurika, ni mtoto wetu atakayeugua.

Mjane mwenye kipande cha sabuni, alete. Mvuvi, mwuza samaki, mwalimu asiyelipwa bado, kila mtu kwa kadiri yake. Mungu aliyemwonyesha Agabo njaa kabla haijafika atufungue mikono kabla ya mvua, kwa jina la Yesu Kristo. Amina.