Mgonjwa Aulizwe Uji

Wahenga walisema mgonjwa haulizwi uji. Mpikie, mpelekee, usimchoshe kwa maswali. Methali hii ina huruma ndani yake, nami nimelelewa nayo. Lakini tangu nilipomuuguza bibi yangu kijijini karibu na Ipinda, naona ina mpaka wake: anayeelekea kuaga dunia aulizwe, tena aulizwe mapema, angali na sauti.

Huku Kyela, kwetu Wanyakyusa, msiba tunaujua. Wakwe huja na ng'ombe, mchele hupikwa kwa magunia, watu hulala nje chini ya migomba. Zamani ngoma zililia na wanaume wakacheza na mikuki mazikoni. Mnyakyusa hazikwi kinyonge. Ila mara nyingi huyo tunayemlilia hivyo alikaa miezi chumba cha nyuma akiuma meno kwa maumivu, nasi tukinong'ona sebuleni asijue tunachokijua. Alikijua zamani.

Bibi alikuwa na saratani ya mlango wa kizazi, imekwisha kusambaa. Wanawe walikaa kikao: tuuze mpunga, tumrudishe hospitali Mbeya, ikibidi tufike ile ya saratani ya Ocean Road, Dar es Salaam. Walisema kwa mapenzi, siwalaumu. Aliyevuta kigoda akakaa kando ya kitanda chake ni muuguzi. "Bibi, unataka tukusaidie nini?" Akajibu papo hapo. Alitaka usiku usiume. Alitaka kitanda kisogezwe mlangoni aione milima ya Livingstone. Na alitaka aitwe baba mdogo, ambaye hawakusemezana naye tangu ugomvi wa shamba la kakao.

Hilo la tatu lisidharauliwe. Wanyakyusa wa kale waliamini kwamba hasira ya ndugu ikifichwa moyoni huleta maradhi. Dawa yake ni kuitamka mbele ya wenzio, kisha kupuliza maji kinywani, ishara kwamba imetoka. Cicely Saunders, aliyefungua hospisi ya St Christopher's jijini London mwaka 1967, aliwafundisha madaktari jambo lililo jirani na hilo: maumivu ya anayekufa yamo mwilini, na yamo pia katika yale ambayo hajayamaliza na watu wake.

Si kila walilofanya wazee lilikuwa busara. Ng'ambo ya mto Songwe, kwa Wangonde, mfalme wao, Kyungu, alipougua sana wakuu wake walimziba pumzi, wakihofu nchi itadhoofika pamoja naye. Naye hakuulizwa. Nalitaja kwa sababu wengi wanaiogopa mofini, dawa aliyopewa bibi, wakidhani ni njia ya kummaliza mtu polepole. Sivyo. Ikipimwa sawasawa hutuliza maumivu, haimharakishii mtu kifo. Ile ya kunywa ni unga uliochanganywa na maji, hupimwa kidogo kila baada ya saa nne. Dakta Anne Merriman aliianzishia huduma Uganda mwaka 1993, na tangu 2004 wauguzi wa huko waliosomea huduma hiyo wanaruhusiwa kuiandika wenyewe. Kwetu, hospitali ya Kilutheri ya Selian, Arusha, ilianza kuwafuata wagonjwa majumbani mwaka 1999. Huduma hii wataalamu wetu huiita tiba shufaa, na shufaa ni kumwombea mtu, kusimama upande wake. Natamani chupa ya mofini ifike kila kijiji cha mwambao huu wa ziwa letu, hadi Matema na Ikombe, kabla ya turubai la msiba.

Baba mdogo alikuja Jumamosi, mkononi kashika samaki mmoja, mbasa. Bibi alikuwa amelala usiku kucha kwa mara ya kwanza, ile dawa imemtuliza. Akaomba maji, akasema yake yote, baba mdogo naye akasema yake. Kisha bibi akapuliza. Pumzi haikutosha, maji yakamchuruzika kidevuni, na mwanawe akayafuta kwa kiganja.

"Ndaga, mama," akashukuru. "Nikupikie mchuzi?"

"Uji," bibi akajibu. "Usitie sukari."

Miezi yote ile tulikuwa tukimtilia.